Swali la Bwana Ndiyo

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Na mama umfikishie yake.

Nimeacha kukupigia simu kwa sababu daktari amekukataza kusema. Mara ya mwisho ulinipokelea, nikawa nasikia unavyopumua tu upande wa pili huku mimi nikibwabwaja. Nilipokata nikaona haya. Kwa hiyo tuandikiane kama watu wa zamani.

Nimemaliza wiki ya kwanza ya ualimu. Dada, unanijua. Nimeingia mitaro ya kila harufu, nimezibua vyoo vya hoteli huku harusi ikichezwa juu ya kichwa changu. Sijawahi kutoka jasho kama lile la Jumatatu, mbele ya darasa la watu wazima waliokaa kimya wakisubiri niwape kitu. Somo lilikuwa mteremko wa bomba la majitaka. Nikaeleza. Nikaeleza tena kwa sauti kubwa zaidi. Nikachora ubaoni mpaka chaki ikaisha. Kila nilipouliza, "Mmeelewa?" walijibu kwa pamoja kama kwaya, "Ndiyo, mwalimu!" Nikatoka nimevimba kichwa.

Kesho yake tukaingia karakana, nikawapa mabomba wayalaze. Mmoja akalaza lake kama ngazi ya ghorofa. Mwingine kalilaza hivi kwamba maji yangehitaji nauli kupanda kilima. Mkuu wa idara akapita dirishani, akatazama, akaenda zake bila kusema neno. Heri angesema.

Wewe umefundisha ushonaji chuoni tangu mimi nacheza mpira wa makaratasi. Nisaidie. Naogopa nitawatoa watu hapa na cheti mkononi na ujinga uleule waliokuja nao, na lawama itakuwa yangu.

Mdogo wako,
fundi bomba aliyevishwa ualimu


15 Februari

Kitindamimba wetu,

Marahaba. Mama anasema ule vizuri, na kwamba harufu ya mitaro ni afadhali kuliko njaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, maana sina kazi. Nimekaa kimya katika nyumba hii mpaka kuku wameanza kunidharau. Lakini usinihurumie, sauti inarudi polepole. Muhula ujao huenda nikawa darasani.

Sasa sikiliza. "Mmeelewa?" si swali, ni salamu. Mtu akikuuliza hujambo, unasema sijambo hata kama homa inakutetemesha. Futa neno hilo mdomoni. Waulize kitu ambacho "ndiyo" haiwezi kukijibu: bomba hili litaziba wapi? Kwa nini pale na si hapa?

La pili, umeanza na maneno, na fundi haanzi na maneno. Mimi nilikuwa nawapa suruali yenye mguu mmoja mfupi, nawaambia tafuteni ilipokosewa. Wakishakuna vichwa ndipo jina la kosa linapowaingia. Nenda kafanye kazi mbele yao mara moja kimya kabisa, wakutazame mikono. Kisha irudie ukieleza. Kisha wao wakueleze wewe ufanye, na wakikosea ufanye hivyohivyo kosa lao, walione. Mwisho ndipo wafanye wenyewe. Na hapo utie mikono mfukoni! Mwalimu anayempokonya mwanafunzi spana amemfundisha jambo moja tu, kwamba mwalimu anajua.

Uliniambia zamani kwamba bomba likilazwa mteremko mkali, maji hukimbia na kuacha uchafu nyuma. Basi na wewe hivyohivyo. Umemwaga maneno kwa kasi, yenyewe yakapita, uzito ukabaki njiani.

Niandikie kila kitu. Usinifiche hata dogo.

Dadako


3 Machi

Dada,

Ungekuwa karibu ningekubeba mgongoni nikuzungushe mtaa mzima.

Nimefanya kazi kimya kama ulivyosema. Mwanzo walidhani nimekasirika. Halafu mmoja akasogea, wa pili akasogea, mwishowe wamenizunguka mpaka nakosa hewa. Nilipowaambia waniongoze, wakanielekeza nigeuze kona ya bomba juu chini, nami nikaigeuza. Tukafungua koki na maji yakatumwagikia miguuni sote. Kelele zake! Lakini hakuna aliyerudia kosa lile. Mkuu wa idara alichungulia dirishani na safari hii alisimama muda mrefu, hata akajisahau, akacheka.

Kuna mmoja tu ananitatiza. Ni mtu wa miaka ishirini na kitu, mpole, anakaa benchi la dirishani. Wenzake wanamwita Bwana Ndiyo. Ukimwuliza lolote anasema "ndiyo," anatikisa kichwa, anainama. Kazi yake ya mikono si mbaya, tena nadhifu. Lakini mtihani wetu una sehemu ya kueleza kwa mdomo, na sijui kama anaelewa anachofanya au anaiga jirani yake. Nikimkaribia anajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Kusema kweli hata mimi jina lile lilinichekesha.

Wewe ungemfanyaje?

Mdogo wako


8 Machi

Kitinda,

Nimefurahi mpaka mama akaja kuniuliza kama nimeota. Nilikuwa nimecheka. Bila sauti, lakini nimecheka.

Huyo wako namjua. Nimefundisha wa namna hiyo kila mwaka. Mwanafunzi anayesema ndiyo kwa kila kitu amejificha nyuma ya neno hilo, na ukimwacha atajificha humo mpaka siku ya mtihani, ndipo paa limwangukie. Usimwache ajifiche. Unamdhulumu.

Fanya hivi. Msimamishe mbele ya wenzake, umwulize swali lisilokubali ndiyo wala hapana. Halafu unyamaze. Hapa ndipo walimu wapya wanaposhindwa: hawawezi kuvumilia kimya. Sekunde mbili tu, wanajijibu wenyewe. Wewe usijibu. Hesabu moyoni mpaka kumi, na ikibidi anza tena. Wakicheka, wanyamazishe. Darasa litakuwa zito kama zege, lakini vumilia, mtazame kwa upole. Usimwokoe. Ukimwokoa leo umemzamisha kesho. Nakuapia, jibu litatoka, na likishatoka atakuwa mtu mwingine.

Uniandikie ilivyokwenda. Nasubiri kama mtoto.

Dadako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Habari za hapa ni njema. Mvua zimeanza na paa la karakana linavuja, jambo la aibu kwa chuo kinachofundisha mabomba.

Masomo yanaendelea. Mwanafunzi mmoja ameacha chuo. Ni yule wa benchi la dirishani. Alinicheleweshea kazi nikamfokea mbele ya wenzake, nadhani maneno yalinitoka makali. Hakurudi. Ni hasira zangu tu, unazijua.

Msalimie mama. Jipumzishe sauti.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Sikuelewi. Nimekaa na barua yako siku nzima, na kila nikiisoma naona mtu mwingine.

Umemfokea! Mtu aliyekuja kwako hajui, na kutokujua ndiko kulikomleta. Nilikuambia umtazame kwa upole. Nilikuambia uvumilie. Nikakupa njia mkononi, ukaiacha ukashika fimbo kama wale waliotufundisha sisi. Mimi nimesimama darasani mpaka nywele zimebadilika rangi, na hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyewahi kuondoka kwa sababu ya mdomo wangu. Hata mmoja.

Tena unaniandikia habari za paa! Mtu ameacha chuo, wewe unanipa habari za paa.

Mama anauliza mbona nimenuna. Sikumwambia. Naona haya kwa niaba yako. Tafuta njia ya kumrudisha huyo mtu, na mpaka utakapoipata usiniombe ushauri mwingine, maana naona hautumiki.

Dadako


19 Aprili

Wifi yangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, watu wote ni wazima. Mdogo wako amenikataza nisikuambie ninayotaka kukuambia, nami nilimwahidi sitasema. Basi sisemi, naandika.

Hakumfokea mtu. Wifi, wewe na huyu ndugu yako mmelala tumbo moja, umewahi kumsikia akifoka? Hata paka akiiba nyama humwambia "Na wewe!"

Alifanya ulivyomwelekeza, neno kwa neno. Alimsimamisha yule mtu, akamwuliza kwa nini bomba la majitaka lisipewe mteremko mkali. Kumbe yule mtu ana kigugumizi. Si kile cha kukwama hapa na pale. Ni kile kinachomfunga mtu koo mpaka shingo inatoka mishipa. Ndiyo sababu ya ile "ndiyo" yake. Ni neno linalomtoka. Watu hawakujua. Wenzake wakacheka, mmoja akasema pampu inavuta hewa. Mume wangu akawanyamazisha, akasubiri. Akazidi kusubiri. Anasema alikuwa anajiambia, "Usimwokoe, usimwokoe." Yule mtu akasimama pale anahangaika, darasa kimya, mpaka machozi yakamtoka. Akachukua mfuko wake akaondoka.

Ilipokuja barua yako ya kumgombeza, aliisoma akaikunja, akaniambia, "Afadhali hivi." Nikamwuliza afadhali vipi? Akasema, "Dada hana sauti, hana darasa. Kimebaki kitu kimoja, kwamba anajua kufundisha. Nikimnyang'anya na hicho?"

Amekonda. Anafundisha ameutazama ukuta. Anasema muhula ukiisha anarudi mitaroni, kule hakuna wa kuumizwa. Mimi nimechoka kuishi na mtu anayejificha na lawama kama mwizi. Ukinichukia kwa kukuambia, nichukie, lakini mwandikie.

Wifi yako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Wifi ameniambia. Usimkaripie. Ukimkaripia nitakuja mwenyewe.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nilitaka kuandika kwamba sikujua, na ni kweli sikujua, lakini ndilo kosa lenyewe. Nilimhukumu mtu nisiyemwona, nikiwa nimekaa kitini huku mbali. Nikakuapia! Ningekuwa pale ningemtazama siku mbili tatu, ningeona mikono yake, ningemfuata pembeni wakati wa kufagia karakana. Kanuni ya kusubiri ni nzuri, nimeitumia maisha yangu yote. Lakini kanuni inamsaidia mtu anayemjua mwanafunzi, haichukui nafasi yake. Hilo sikukuandikia, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana najua.

Na nikuambie lingine, maana nimekuficha. Sauti hairudi. Daktari alinieleza tangu Januari: itabaki mkwaruzo, na darasani sitasimama tena. Mama anajua. Wewe nilikudanganya. Barua zako zilipoanza kuja nilisikia kama nimepewa darasa jipya. Nilikuwa nafundisha kwa kinywa chako, kitinda, nikasahau kwamba kinywa ni chako na macho ni yako.

Nilijisifu kwamba hakuna aliyewahi kuondoka kwa ajili yangu. Usiku na mchana nawapitia mmoja mmoja. Yule msichana wa mwaka ule wa njaa, aliyeacha katikati ya muhula, nilisema ameolewa. Nani aliniambia ameolewa? Wanaoondoka hawaagi.

Umenibebea lawama yangu, nami nikakupiga nayo. Nisamehe.

Sasa tumrudishe. Mwombe radhi mbele ya darasa lilelile lililomwona. Kosa la hadharani hutubiwa hadharani. Nami nimemwandikia barua yake, wifi atampelekea. Nimemwambia kosa ni langu na kwamba utamwomba radhi mbele ya wote.

Dadako


6 Mei

Kwa Mwalimu wa Ushonaji,

Barua yako imenifikia. Mke wa mwalimu aliileta hapa ninapofyatua matofali, wenzangu wakadhani ni ya mapenzi. Wamenitania wiki nzima. Kwa hilo nakushukuru, nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Umeniita "kijana wangu." Nina miaka ishirini na sita, na si wako.

Unasema kosa ni lako. Huenda. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu kwenye karatasi sina kigugumizi, na wewe umekuwa wa kwanza kuniandikia.

Jibu nilikuwa nalo. Ni jibu dogo: mteremko ukiwa mkali maji yanakimbia, uchafu unabaki. Lakini neno "maji" linaanza na "m", na hiyo kwangu ni mlango mbovu. Walipocheka sikujali sana. Kuchekwa nimezoea tangu shule ya msingi, mtu anachekwa anakaa chini, yamekwisha. Lakini mwalimu akawanyamazisha. Akasema, "Mwacheni, ana muda wote anaoutaka." Basi hata wa kucheka akawa hayupo. Nikabaki mimi na mdomo wangu, mbele ya watu wote, na muda wote. Nikamtazama mwalimu anisaidie, nikaona midomo yake inatikisika. Alikuwa anahesabu. Ananitazama kwa huruma, anahesabu, anafika mwisho, anaanza tena. Kama mtu aliyekaa na mgonjwa akisubiri pumzi ya mwisho.

Angenipa chaki, ningechora. Angeniuliza pembeni siku moja kabla, ningemwambia mimi ni nani. Siku ya kuandikishwa niliulizwa kama nina kifafa, kama nina pumu, kama nina mke. Sikuulizwa ninaogopa nini.

Sasa unaniambia ataniomba radhi mbele ya darasa zima. Mwalimu, nakusihi, mzuie. Mtu akikuvua nguo sokoni, hakurudishi sokoni kukuvisha watu wakitazama. Nitakaposimamishwa tena pale, hata kwa wema, nitakuwa nimesimamishwa tena.

Usimlaumu sana ndugu yako. Kabla yake nilipita kwa mafundi wawili na chuo kimoja, wote walikuwa wananipokonya vifaa mkononi. Yeye alitia mikono mfukoni akaniacha nikosee. Nilianza kupenda kuamka asubuhi. Ndiyo maana iliuma hivi.

Aliyeacha benchi la dirishani


11 Mei

Kitinda,

Ujumbe niliokutumia kwa simu bila shaka umeusoma: usimwombe radhi mbele ya watu. Barua yake naiambatanisha uisome mwenyewe. Mimi naisoma nikiwa nimesimama, kukaa nimeshindwa.

Nilikosea mara mbili. Ya kwanza kwa kutojua, ya pili kwa kujua kupita kiasi. Hata toba nilitaka kumpangia.

Kabla ya ujumbe nilikupigia. Nilitaka kukuambia neno moja tu, "Usifanye." Nikafungua mdomo ikatoka pumzi tupu. Nawe ukawa unasema, "Dada? Dada, sema tu, nasikiliza," kwa ule upole wako. Unasubiri. Ningeweza kung'oa nguzo ya nyumba kwa hasira. Nilikata, nikakaa jikoni nikalia, mama akanishika kichwa bila kuuliza.

Niambie sijachelewa.

Dadako


25 Mei

Dada,

Shikamoo. Hukuchelewa. Ujumbe wako uliponifikia nilikuwa nimeshazuiwa.

Hotuba ya kuomba radhi nilikuwa nimeiandaa, na mkuu wa idara aliahidi kuja kusikiliza. Jumamosi moja navaa viatu nikamwalike aje kuisikiliza, mke wangu akaniuliza, "Umemwuliza mwenyewe kama anaitaka?" Nikasimama na kiatu kimoja mguuni. Sikuwa nimemwuliza. Nilikuwa nimekuuliza wewe, nimemwuliza mkuu wa idara. Yeye, hapana.

Nikaenda kule kwenye matofali. Aliponiona aliendelea na kazi. Nami nikavua koti nikaanza kumbebea matofali mabichi kuyapeleka kivulini. La kwanza likanivunjikia mikononi. Wenzake wakacheka, akanionyesha kwa mikono jinsi ya kulishika, kwa chini, bila kulibana. Tukabeba hivyo hivyo hata jua likawa kali.

Nikamwambia, "Nilikukosea. Nilikuwa nafuata maelekezo, nikaacha kukutazama wewe. Sikuja kukurudisha. Nimekuja kukuuliza unataka nifanye nini."

Akainama, akachukua tofali lingine. Nami sikumtazama mdomoni, dada. Niliendelea kubeba.

Baadaye sana akasema. Ilimchukua kitambo na sikumsaidia wala sikumsubiri, nilikuwa na tofali langu. Alisema hataki hotuba. Hataki darasa liambiwe limwonee huruma. Anataka swali apewe siku moja kabla, na ruhusa ya kujibu kwa chaki. Na wenzake wote wapewe hivyohivyo, ili isiwe dawa ya mgonjwa mmoja.

Nimefanya hivyo. Siku hizi swali la kesho linaandikwa ubaoni leo kabla hawajaenda. Wanalijadili wawili wawili kwenye mabenchi, na anayetaka kusema anasema, anayetaka kuchora anachora, anayetaka kulaza bomba tuone analaza. Kumbe wengi walikuwa wanajificha, si yeye peke yake. Yupo binti mmoja hasomi vizuri, alikuwa ananakili ubao kama picha. Yupo mzee mmoja sikio lake la kushoto halisikii, na mimi nilimkalisha upande huo muhula mzima. Nimewapata kwa kupita benchi kwa benchi wakati wa kufagia, kama ulivyoandika. Kila nikimgundua mmoja nasikia moyo unanichoma: ni mara ngapi nimempita huyu? Mkuu wa idara amekubali sehemu ya mdomo ya mtihani ifanyike pembeni, mtu na mtahini wake, kwa anayeomba.

Alirudi Jumatatu. Nilikuwa na hofu darasa litapiga makofi au litafanya upuuzi mwingine. Yule aliyesema habari za pampu alisogea tu kwenye benchi, akampisha. Kazi ikaanza. Sikumwita, sikumkwepa. Au niseme nilijaribu. Mara mbili nilijikuta namtazama, akaniona.

Jioni kila mtu alipotoka nilimkuta kwenye sinki la karakana ananawa. Nikanawa pembeni yake. Maji yalikuwa yanatiririka. Halafu akafunga koki, akanigeukia. Shingo ikamkaza. Nikataka kukimbia, dada, nakuambia kweli. Akasema, na nitakuandikia kwa ufupi kuliko alivyosema:

"Sijakusamehe."

Nikasema, "Sawa."

Akajifuta mikono kwenye suruali. Akasema, "Kesho tunaanza saa ngapi?"

Nikamwambia saa mbili. Usiku sikupata usingizi. Saa mbili kamili nilikuwa mlangoni na kikombe changu cha chai, nimesimama kama mwanafunzi aliyefukuzwa. Wakaingia wote. Hakuwepo. Nikaanza somo, mlango nimeuacha wazi.

Alikuja saa mbili na robo. Sikumwuliza kwa nini amechelewa.

Mdogo wako